Lango la Boma la Arusha: Kutoka Ngome ya Mkoloni Hadi Makumbusho ya Taifa

Mtu anayepanda Barabara ya Boma kutoka Mnara wa Saa, katikati ya Jiji la Arusha, huishia mbele ya majengo meupe yenye lango kuu. Siku mawingu yanapotawanyika, kilele cha Mlima Meru, chenye urefu wa zaidi ya mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, huonekana upande wa kaskazini. Wanafunzi wenye sare, watafiti na watalii huingia langoni hapo kwenda kujionea maonesho ya Makumbusho ya Elimu Viumbe, mojawapo ya vituo vya Makumbusho ya Taifa la Tanzania.

Wengi wa wanaoingia hawafahamu kwamba mlango wanaoupita kwa hiari ulikuwa kwa babu zao mlango wa kuitwa, kuhukumiwa, kutozwa kodi na kupangiwa kazi ya shuruti. Jengo hilo, lililokamilika mwaka 1900, ndilo Boma la Wajerumani, na kulizunguka ndiko mji wa Arusha wa leo ulikoanzia. Makala haya yanaeleza asili ya boma hilo, namna malango ya aina yake yalivyojengwa duniani na katika Afrika Mashariki, na sababu zinazoifanya hifadhi ya majengo ya kale kuwa jambo linalomhusu kila mwananchi.

Neno boma na maana zake

Neno boma ni la Kiswahili na ni kongwe kuliko utawala wa kigeni. Maana yake ya msingi ni uzio unaozunguka makazi au mifugo, uwe wa miti, wa miiba au wa mawe. Katika nyanda zinazouzunguka Mlima Meru, boma ni makazi ya familia ya mfugaji, yale ambayo Wamaasai huyaita enkang. Mlango wake hufungwa jioni ng'ombe wakishaingia, ili simba na fisi wabaki nje, na hufunguliwa alfajiri mifugo ikienda malishoni.

Wajerumani walipoanza kujenga vituo vyao vya kijeshi na kiutawala katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, wenyeji waliviita vituo hivyo maboma, kwa kuwa vilizungushiwa kuta na vilikuwa na walinzi mlangoni. Kutoka hapo neno likapata maana ya ofisi ya serikali. Hadi leo Mtanzania anayefunga ndoa mbele ya Mkuu wa Wilaya husemwa kuwa amefunga ndoa ya bomani, na yapo maeneo mengi nchini yenye jina la Bomani, ambayo asili yake ni kituo cha namna hiyo.

Malango ya ngome katika historia ya dunia

Lango ni sehemu ngumu kuliko zote katika ujenzi wa ngome. Ukuta una kazi moja ya kuzuia, lakini lango lina kazi mbili zinazopingana: kumpitisha anayeruhusiwa na kumzuia asiyeruhusiwa. Kwa sababu hiyo, wajenzi wa zama zote wametumia ujuzi wao mkubwa langoni, na watawala wa zama zote wameandika jina lao mahali hapo hapo.

Katika bara la Ulaya, mabadiliko makubwa ya ujenzi huo yalitokea katika karne ya 15 na ya 16, zama zinazofahamika kwa jina la Renaissance, yaani mwamko mpya wa elimu na sanaa. Mizinga ya baruti ilikuwa imezifanya kuta ndefu na nyembamba za kale kuwa dhaifu, kwa kuwa risasi nzito za mizinga ziliziangusha kwa urahisi. Wahandisi wa Italia wakabuni kuta fupi na nene, zilizojazwa udongo, zenye buruji zilizochongoka pembeni, ili askari aliye katika buruji moja aweze kuulinda uso wa buruji jirani. Malango yakawekwa mahali ambapo buruji hizo ziliweza kuyakinga.

Wakati huohuo malango yalipambwa. Mfano mashuhuri ni lango la Porta Pia mjini Roma, lililosanifiwa na Michelangelo kwa amri ya Papa Pius IV na kujengwa kati ya mwaka 1561 na 1565. Msanii huyo aliuelekeza uso wenye mapambo ndani ya mji, mahali ambapo wakazi wangeuona kila siku. Mnamo tarehe 20 Septemba, 1870, majeshi ya Italia yalivunja ukuta wa Roma karibu na lango hilo, na tukio hilo likahitimisha utawala wa kidunia wa Papa juu ya mji huo. Leo ndani ya Porta Pia kuna makumbusho ya kikosi cha kijeshi cha Italia kinachoitwa Bersaglieri. Lango lililojengwa kuutukuza utawala mmoja limekuwa kumbukumbu ya mwisho wa utawala huohuo.

Ngome za pwani ya Afrika Mashariki

Ujuzi huo wa Italia ulifika katika pwani ya Waswahili. Ngome ya Fort Jesus mjini Mombasa, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593 hadi 1596, ilisanifiwa na Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milano, kwa amri ya Mfalme Philip II wa Hispania, aliyekuwa pia mtawala wa Ureno. Wasanifu wa zama hizo waliamini kwamba mwili wa binadamu ni kipimo cha uwiano kamili, na ramani ya ngome hiyo hufananishwa na mtu aliyelala. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, UNESCO, liliiingiza ngome hiyo katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Historia ya lango lake ina funzo la pekee. Mwaka 1631 Sultani wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, aliwaasi Wareno na kuitwaa ngome. Wareno waliporejea, waliikarabati, na juu ya lango kuu wakaweka maandishi ya mwaka 1639 yanayomsifu kapteni wao kwa ukarabati huo na kwa kuwatiisha watu wa pwani. Maandishi hayo yanamtaja aliyeamuru, lakini hayamtaji hata mmoja kati ya waliobeba mawe. Miaka 59 baadaye, mwaka 1698, baada ya kuzingirwa kwa muda wa karibu miaka mitatu, ngome iliangukia mikononi mwa Waarabu wa Oman. Maandishi ya ushindi yalibaki mahali pake ilhali walioyaandika wameondoka.

Upande wa Tanzania, ngome za namna hiyo zipo pia. Kilwa Kisiwani kuna Gereza, jengo lililosimama mahali ambapo Wareno walijenga ngome mwaka 1505, na ambalo sehemu kubwa ya umbo lake la sasa ni kazi ya Waarabu wa Oman. Mji Mkongwe wa Zanzibar una Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu hao baada ya kuwaondoa Wareno. Wajerumani walipoingia mwishoni mwa karne ya 19, walijenga maboma yao Bagamoyo, Mikindani, Iringa, Moshi na kwingineko, wakaisogeza desturi ya ngome kutoka pwani hadi bara.

Mlima Meru kabla ya Boma

Miteremko ya Mlima Meru ilikuwa na wenyewe muda mrefu kabla ya Boma. Wameru walilima migomba upande wa mashariki na kusini mashariki mwa mlima, na Waarusha, wanaozungumza lugha ya Kimaa, walikaa upande wa kusini na magharibi, wakiunganisha kilimo na ufugaji. Jamii hizo zilikuwa na viongozi wao, marika yao ya vijana na taratibu zao za kuamua mashauri.

Mnamo Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walifika Akeri, katika nchi ya Wameru, kwa nia ya kuanzisha kituo. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba walivamiwa na kuuawa, pamoja na baadhi ya wasaidizi wao waliotoka Kilimanjaro. Kapteni Kurt Johannes, kamanda wa kituo cha Kijerumani cha Moshi, aliongoza misafara ya kulipiza kisasi. Nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa na mifugo ikatwaliwa kwa wingi. Kwa jamii iliyotegemea ndizi na ng'ombe, adhabu hiyo iliwafikia hata wale ambao hawakuhusika kwa lolote na tukio la Akeri.

Upinzani haukukoma mara moja. Tarehe 2 Machi, 1900, Wajerumani waliwanyonga hadharani mjini Moshi viongozi kadhaa wa Kilimanjaro na Meru, wakiwamo Mangi Meli wa Old Moshi na Mangi Lobulu wa Meru. Ni katika kipindi hichohicho Boma la Arusha lilipojengwa na kukamilika. Kwa hiyo jengo hilo haliwezi kuelezwa kama kazi ya usanifu pekee. Lilikuwa sehemu ya mwisho ya kampeni ya kijeshi, alama ya kudumu kwamba askari waliokuja kwa misafara sasa wamekuja kukaa.

Ujenzi na mpangilio wake

Boma lilijengwa kwa nguvu za wenyeji. Waarusha na Wameru waliokuwa wametoka kushindwa vitani walilazimishwa kubeba vifaa na kufanya kazi ya ujenzi chini ya usimamizi wa askari. Majina yao hayakuandikwa mahali popote katika kuta walizozijenga.

Mpangilio wa Boma ni wa majengo yaliyozunguka uwanja wa ndani, wenye lango linalotazama upande wa mji. Mpangilio huo una mantiki ya kijeshi na ya kiutawala kwa pamoja. Kijeshi, kikosi kidogo chenye bunduki kiliweza kujilinda dhidi ya umati mkubwa, kwa kuwa adui hakuwa na njia rahisi ya kuingia. Kiutawala, aliyeingia alionekana, na shughuli zote zilifanyika mbele ya macho ya mtawala. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe, na katika mandhari ya kijani ya miteremko ya Meru weupe huo uliweza kuonekana kutoka mbali.

Ikilinganishwa na Fort Jesus, ngome ya Arusha ni ndogo na sahili. Haina buruji za kukinga mizinga, kwa sababu Wajerumani hawakutarajia mizinga kutoka kwa wenyeji wa Meru. Hofu yao ilikuwa mashambulizi ya watu wenye mikuki na bunduki chache. Tofauti hiyo inaonesha kanuni moja ya usanifu wa ngome: ukuta humweleza mtazamaji ni adui yupi aliyekuwa katika fikra za aliyeujenga.

Utawala ulioendeshwa kutoka katika maboma ya Kijerumani uligusa maisha ya kila kaya. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza kutozwa katika koloni mwaka 1898, na asiyekuwa na fedha alilazimika kuitafuta kwa kazi ya kibarua. Kuanzia miaka ya mwanzo ya karne ya 20, ardhi yenye rutuba chini ya mlima iligawiwa kwa walowezi, wakiwamo Makaburu kutoka Afrika Kusini. Wameru na Waarusha wakajikuta wamebanwa kati ya msitu wa mlima kwa juu na mashamba ya wageni kwa chini.

Kubadilika kwa watawala

Mwezi Machi 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Uingereza yaliitwaa Arusha. Boma likabadilisha bendera, lakini likaendelea kutumika kwa shughuli za utawala. Suala la ardhi nalo liliendelea. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru takriban 3,000 kutoka Engare Nanyuki ili kutoa nafasi kwa mashamba ya walowezi.

Safari hii Wameru walichagua njia nyingine. Walichangishana fedha na kumtuma Kirilo Japhet, ambaye mwaka 1952 alifika New York na kuwasilisha malalamiko yao mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Ardhi haikurejeshwa wakati ule, lakini shauri hilo lilifahamika kote Tanganyika na likawa mojawapo ya matukio yaliyochochea mwamko wa kisiasa uliozaa chama cha TANU mwaka 1954 na hatimaye Uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Kutoka mikuki ya mwaka 1896 hadi hoja za kisheria za mwaka 1952, madai yalikuwa yaleyale: watu wa mlima kuwa na kauli juu ya nchi yao.

Lango lafunguliwa kwa umma

Mwaka 1987 Boma lilifunguliwa kuwa makumbusho. Wageni hujifunza humo chimbuko la binadamu, somo ambalo Tanzania ina hazina yake ya pekee. Katika Bonde la Olduvai, tarehe 17 Julai, 1959, Mary Leakey aligundua fuvu la Zinjanthropus, lenye umri wa takriban miaka milioni 1.75. Laetoli nako kuligunduliwa, katika miaka ya 1970, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili takriban miaka milioni 3.6 iliyopita. Makumbusho hayo pia yanahifadhi historia ya jengo lenyewe na ya utawala wa Wajerumani katika eneo la Arusha.

Hatua hiyo haikuwa ya Arusha peke yake. Boma la Iringa, jengo lingine la mwaka 1900, nalo sasa ni makumbusho. Mjini Arusha, jengo la Kaloleni linalohusishwa na Azimio la Arusha la mwaka 1967 ni Makumbusho ya Azimio la Arusha, na mgeni anaweza kuyatembelea makumbusho yote mawili kwa siku moja.

Historia hiyo bado ina madai yaliyo hai. Mwezi Septemba 2023, taasisi ya urithi wa utamaduni ya Prussia iliyopo Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimebaini nchini Tanzania ndugu wa baadhi ya watu ambao mafuvu yao yalipelekwa Ujerumani wakati wa ukoloni, akiwamo mshauri mmoja wa Mangi Meli. Tarehe 1 Novemba mwaka huohuo, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba radhi mjini Songea kwa ukatili uliotendwa na Wajerumani. Fuvu la Mangi Meli mwenyewe limekuwa likitafutwa na familia yake kwa miongo kadhaa.

Sheria inasemaje kuhusu majengo ya kale

Kwa upande wa Tanzania Bara, urithi wa aina hii unasimamiwa na Sheria ya Mambo ya Kale, iliyotungwa mwaka 1964 na kufanyiwa marekebisho baadaye. Sheria hiyo inalinda moja kwa moja majengo, ngome na makaburi yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Inalinda pia milango ya mbao na fremu zake zilizochongwa kabla ya mwaka 1940 kwa mitindo ya Kiafrika au ya Mashariki. Kifungu hicho cha milango kinaonesha kwamba watunga sheria walitambua thamani ya mlango kama kitu cha historia chenye hadhi yake, hata kama nyumba iliyoubeba ni ya kawaida.

Majengo yaliyojengwa baada ya mwaka 1863, yakiwamo maboma yote ya Kijerumani, hayalindwi kwa umri wake pekee. Kwa majengo hayo, sheria inampa Waziri mwenye dhamana mamlaka ya kuyatangaza kuwa ya kihistoria kupitia Gazeti la Serikali. Maana yake ni kwamba jengo lenye historia nzito linaweza kupotea iwapo hakuna aliyelitambua na kuomba litambuliwe kabla ya ujenzi mpya kuanza. Katika mji unaokua kwa kasi kama Arusha, ambako thamani ya viwanja vya katikati ya mji hupanda mwaka hadi mwaka, hatari hiyo ni ya kweli.

Mwananchi ana nafasi katika jambo hili. Anayechimba msingi na kukuta vyungu, silaha au mabaki ya kale anapaswa kutoa taarifa kwa mamlaka badala ya kuvichukua au kuviuza. Anayefahamu nyumba au mlango wenye historia katika mtaa wake anaweza kuwaeleza maofisa utamaduni wa halmashauri yake. Wazee wanaokumbuka masimulizi ya waliojenga Boma, au waliohamishwa Engare Nanyuki, wanabeba kumbukumbu ambazo haziko katika jiwe lolote, na familia zao zinaweza kuyarekodi masimulizi hayo wakati wahusika wangali hai.

Lango la Boma la Arusha limeona bendera ya Ujerumani, ya Uingereza na ya Tanzania. Waliolijenga hawakuulizwa kama wanalitaka, na wajukuu wao sasa ndio wenye jukumu la kuamua litunzwe vipi. Makumbusho ya Elimu Viumbe yako wazi kwa umma, na shule zinaweza kupanga ziara za mafunzo kwa kuwasiliana na uongozi wake. Mwanafunzi wa Meru anayeingia langoni hapo leo akiwa na daftari mkononi anaingia mahali ambapo babu wa babu yake huenda aliingia akiwa na jiwe begani, na ana haki ya kuelezwa hivyo.